Elfu Tisa Kila Tarehe Tano

Karatasi za korti zilifika kwetu Ziwa kwa boda, Agosti 2020, mama akiwa kwenye foleni ya kupeleka maziwa. Jamaa aliyezileta alimngoja amalize, akamsalimia vizuri, akauliza habari ya mvua, halafu ndio akasema, "Mama, utanisaidia na sahihi hapa." Mama alitia sahihi akidhani ni mambo ya shamba. Jioni nikamsomea. Baba alikuwa anaomba korti ya watoto pale Eldoret ipunguze pesa za matunzo ya mdogo wangu kutoka shilingi 9,000 kwa mwezi hadi 2,500, kwa sababu amefutwa kazi.

Mama hakukasirika vile nilivyotarajia. Aliuliza swali moja tu: "Kwani mtoto naye amepunguzwa?"

Mimi si wakili. Nilisoma historia chuo kikuu kwa mihula minne nikaacha, na sababu za kuacha ziko ndani ya hii hadithi, tutazifikia. Ninachoweza kusema ni kwamba nimekuwa nikilifuata swali la mama tangu siku ile, kwa vitabu vya kuazima na kwa simu yenye skrini iliyopasuka, na nimegundua kwamba kesi ya baba ilianza kitambo sana kabla baba hajazaliwa. Mtu fulani, mahali fulani, aliamua kwamba mtoto wa Kenya atahesabiwa kwa shilingi, na kwamba hizo shilingi zitakuwa zinaingia kila mwezi.

Kama hujawahi kufika Ziwa, ni upande wa Soy, kwenye barabara inayotoka Eldoret kuelekea Kachibora. Ni mahindi, mahindi, ng'ombe, halafu mahindi tena. Doo ya mahindi haijui mwezi. Inakuja mara moja, ukishavuna kuanzia Oktoba, ukakausha, ukapata mnunuzi asiyekunyonya, na Januari karo inaichukua yote. Maziwa ndiyo yanakupa kitu cha kushika mkononi katikati. Mshahara, ile pesa inayokuja tarehe fulani hata kama mvua imekosa, ni kitu cha Sisibo. Hivyo ndivyo wazee bado wanaita Eldoret, kutokana na "64," nambari ya shamba la mzungu ambapo posta ilijengwa mwaka 1910 na mji ukamea kuizunguka.

Makaburu walikuwa wamefika nyanda hizi mwaka 1908 na mikokoteni yao ya ng'ombe. Ardhi ikakatwa, ikapewa nambari, na watu waliokuwa wakichunga hapa wakajikuta ni maskwota. Skwota hakuwa mfanyakazi wa mshahara hasa. Alilipwa kidogo kwa pesa na zaidi kwa ruhusa: ruhusa ya kulima kipande, ruhusa ya kulisha ng'ombe wake. Mtoto wa skwota alikula kutoka kwenye kile kipande na kunywa kutoka kwa yule ng'ombe. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1937, iliyoongeza siku za kazi kwa mwaka na kuwapa walowezi nguvu zaidi ya kupunguza mifugo ya maskwota, ilikuwa kwa kweli sheria ya matunzo ya watoto, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Ukimpunguzia mtu ng'ombe, unajua unayempunguzia maziwa ni nani.

Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa? Hilo lilikuwa jambo la wazee, la kokwet, la familia mbili kukaa chini. Katika jamii nyingi za Kenya lilimalizwa kwa mifugo: upande wa kijana ulipe fidia, mtoto abaki kwa kina msichana ama aende kwa kina kijana, kulingana na desturi. Sitaki kupaka hiyo enzi asali. Msichana mwenyewe mara nyingi hakuulizwa kitu, na fidia ilikwenda kwa baba yake. Lakini angalia hesabu yake. Ng'ombe analipwa mara moja. Hakuna tarehe tano. Na ukishampata, anazaa.

Sasa njoo kwenye mji. Kwa miongo mingi serikali ya kikoloni na waajiri walipanga mshahara wa Mwafrika kana kwamba ni mseja. Mke na watoto wako reserve, shamba litawalisha, kwa hiyo mpe huyu mwanamume pesa ya kitanda, unga na sabuni, basi. Hii si lawama ya mitandaoni. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe kuhusu mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Carpenter, ilikubali kwamba mshahara wa chini ulikuwa wa mwanamume asiye na familia, na ikapendekeza upandishwe polepole hadi uweze kumtosha mtu mwenye mke na watoto.

Miaka mitano baadaye, 1959, ndipo Kenya ilipata sheria ya kwanza iliyompa mwanamke asiyeolewa haki ya kumpeleka baba wa mtoto wake kortini na kudai pesa za matunzo. Kwa Kiingereza iliitwa Affiliation Act. Mizizi yake ilikuwa Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1834 ilikuwa imemtwika mama mzigo karibu wote, halafu ya 1844 ikamruhusu kumshtaki baba mbele ya mahakimu. Kwa hiyo tulirithi chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya nchi ya viwanda, ya watu wanaolipwa kila wiki, tukakileta kwa watu ambao serikali ilikuwa imekiri juzi tu kwamba mshahara wao hautoshi kulea mtoto. Siwezi kuacha kuliona hilo pengo la miaka mitano. Nikisoma maombi ya baba ninaliona humo.

Hata hivyo wanawake waliitumia. Waliitumia sana kiasi cha kuwaudhi wabunge. Kufikia mwisho wa miaka ya sitini malalamiko yalikuwa yale yale ambayo ukifungua simu yako leo utayakuta: wanawake wamefanya watoto kuwa biashara, wanakusanya pesa kwa wanaume tofauti, sheria ni ya wazungu, si desturi yetu. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Bunge hilo halikuwa na mbunge hata mmoja mwanamke. Maendeleo ya Wanawake walipinga, haikusaidia. Mwisho wa mwaka huo huo, kwenye uchaguzi wa Desemba, Grace Onyango wa Kisumu akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge. Alikuta sheria imeshazikwa. Kwetu huku ilikuwa 1974 ndipo Chelagat Mutai alichaguliwa Eldoret North, jimbo ambalo baadaye liligawanywa tukapata Soy.

Kuanzia 1969 hadi 2002, kama mama hakuwa ameolewa, hakukuwa na njia ya wazi ya kumdai baba. Mke aliyetengana na mumewe alikuwa na sheria zake za ndoa. Mwingine alikuwa na Mungu, chifu, na ndugu zake.

Miaka hiyo ndiyo ile ile ambayo Eldoret ilijaa viwanda. Rivatex ilianza miaka ya sabini, ikawa jina kubwa la nguo, na mtu akisema anafanya Rivatex alikuwa anakopeshwa dukani bila maswali. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa miaka ya tisini, mitumba ikamwagika, madeni yakapanda, na kufikia mwaka 2000 hivi mashine zilikuwa zimenyamaza. Chuo Kikuu cha Moi kikaja kukinunua kiwanda hicho mwaka 2007. Ninawafikiria wale wanaume waliorudi nyumbani na barua za kuachishwa. Wengine walikuwa na watoto mahali pawili. Mshahara ulipokatika, watoto wa nyumba ya pili walikatika nao, kimya kimya, na hakuna hakimu aliyeombwa kupunguza chochote kwa sababu hapakuwa na faili. Watu wakiniambia korti zimeharibu wanaume, mimi hufikiria hiyo miaka. Matunzo yalipunguzwa hadi sufuri bila mtu kutia sahihi.

Sheria ya Watoto ya 2001 ilianza kufanya kazi Machi 2002. Ilirudisha njia ya kwenda kortini, lakini kwa masharti ambayo ukiyasoma leo unacheka kidogo halafu unaacha kucheka. Kama wazazi hawakuwa wameoana, jukumu lilianza kwa mama peke yake. Baba aliingia akikubali mtoto ni wake, akimlisha, akiomba mwenyewe kortini, au akiwa ameishi na mama kwa jumla ya miezi 12. Yaani baba aliyekimbia mapema kabisa ndiye aliyekuwa salama zaidi. Katiba ya 2010 ndiyo ilimaliza huo mchezo: kifungu cha 53 kinasema baba na mama wana jukumu sawa, wawe wameoana au la. Mahakama Kuu ikalithibitisha hilo mwaka 2013, na Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ikaandikwa juu ya msingi huo.

Kuhusu kupunguza, kanuni yenyewe si ngumu. Amri ya matunzo si jiwe. Korti inaweza kuiongeza, kuipunguza, kubadilisha tarehe za kulipa au kuisimamisha kwa muda, hali ikibadilika. Lakini ni lazima uombe. Hapa ndipo wanaume wengi wanaanguka, na nimeongea na kadhaa kwenye hoteli za chai karibu na korti. Msee anafutwa kazi Aprili, anajua moyoni kwamba hana, anaacha kutuma, na anadhani amri nayo imefutwa kazi pamoja naye. La hasha. Inaendelea kuhesabu kila tarehe tano. Akija kushtuka, ana deni la miezi kumi, ameitwa aeleze kwa nini asifungwe jela ya madeni, na hapo ndipo anatafuta ile barua ya kuachishwa ambayo watoto walishachora nyuma yake.

Jambo la pili ni kwamba hakimu haangalii tu unachopata leo. Anaangalia pia unachoweza kupata, mali uliyo nayo, na mahitaji ya mtoto. Dereva asiye na lori bado ni dereva. Mwenye ekari mbili zilizokodishwa hana mshahara lakini ana kodi. Na mama naye anapimwa, maana jukumu ni la wote wawili. Watu husahau hilo pande zote mbili.

Turudi 2020. Kisa cha kwanza cha corona kilitangazwa Kenya tarehe 13 Machi. Siku chache baadaye korti zikapunguza shughuli nchi nzima. Baba alikuwa dereva wa kampuni moja ya usafirishaji mjini, na mwisho wa Machi waliambiwa wakae nyumbani watapigiwa simu. Simu haikupigwa. Kwa haki yake, niseme kwamba alijaribu kuleta karatasi mapema kuliko wengi. Alisema alienda Mei akakuta lango lina mlinzi na tangazo. Kati ya Aprili na Novemba alituma 2,000 mara tatu. Najua kwa sababu mama alikuwa na daftari, na mimi nilikuwa na ujumbe wa M-Pesa. Hili nalo ni jambo la kihistoria, ukilifikiria. Kabla ya 2007, mama akisema hajatumiwa na baba akisema alituma na mtu wa matatu, hakimu alibaki kuwatazama nyuso. Sasa kila mtu anakuja na ushahidi mfukoni, una saa na dakika.

Siku ya kusikizwa mama alivaa ile sweta ya kanisa. Baba alikuwa amekonda. Aliposimama aliongea polepole, akiita kila mtu mheshimiwa, hata karani. Alisema anafanya vibarua vya kupakia mahindi, siku anapata 400, siku hapati. Hakimu alimuuliza leseni yake ya udereva inaisha lini. Akasema bado iko sawa. Akamuuliza shamba. Baba akanyamaza kidogo, akasema liko, ekari moja na nusu, amepanda. Akamuuliza mama maziwa ni lita ngapi, bei gani, dawa ya kupe inagharimu nini. Mama alijibu yote bila daftari. Halafu hakimu akauliza baba kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi yoyote: "Hiyo elfu mbili mia tano uliipataje? Ulikaa chini ukahesabu mtoto anakula nini?"

Baba alisema hapana. Alisema ni ile pesa angeweza kusema bila kudanganya.

Nilikuwa nimeingia pale nikiwa na hasira nzuri, iliyonyooka. Hilo jibu liliipinda.

Uamuzi ulikuja Desemba. Pesa ikashuka hadi 5,000 kwa mwezi kuanzia Januari 2021, na baba akipata kazi ya kudumu arudi kortini. Deni la nyuma, 66,000, likabaki vile vile. Nimeusoma huo uamuzi mara nyingi na sioni hakimu alikosea wapi. Mtoto aliyekuwa mbele yake alikuwa mmoja, wa miaka 13, na 5,000 pamoja na shamba na maziwa ya mama zingemtosha, kwa shida, lakini zingemtosha.

Shida ni kwamba kwenye zile 9,000 kulikuwa na mtoto mwingine ambaye hakuwa kwenye faili. Mimi. Nilikuwa na miaka 20. Amri haikunihusu, nilishapita 18, na mkopo wa masomo ulilipa sehemu ya karo tu. Kila mwezi mama alikuwa akikata karibu 4,000 kutoka kwenye pesa za mdogo wangu na kunitumia za chumba na chakula. Kisheria hiyo haikuwa sawa, nadhani, na nyumbani ilikuwa sawa kabisa. Tofauti kati ya 9,000 na 5,000 ni 4,000. Mama hakuniambia niache. Aliniambia tu, mapema Januari, kwamba atauza yule ng'ombe mwekundu. Nikamwambia asiuze. Masomo yaliporudi sikurudi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba sheria ilikuwa na mlango kwa mtu kama mimi: mtoto aliyepita 18 na bado yuko masomoni anaweza kuomba korti iendeleze jukumu la mzazi. Hakuna aliyenitajia. Na hata ningeambiwa, ningesimama mbele ya yule mzee aliyekonda nikaomba nini, zile 400 za kupakia magunia?

Kuna kitu kimoja ambacho korti haikuweza kukiandika. Novemba ile ile, kabla ya uamuzi, baba alituma magunia matatu ya mahindi na canter ya jirani. Hakusema ni ya nini. Mama aliyapokea, tukayamwaga kwenye turubai, na usiku akafungua daftari. Lilikuwa na safu ya tarehe na safu ya shilingi. Alikaa na kalamu kwa muda mrefu. Mwishowe akaandika pembeni, nje ya mstari, "gunia 3," bila bei. Karani alipouliza kama kuna malipo mengine ya kuondoa kwenye deni, mama alisema hakuna. Baba alimwangalia, hakupinga. Sijawahi kujua kama mama aliyaficha ama alikuwa anasema kwamba mahindi si malipo, ni mahindi tu.

Deni lilikuja kumalizwa 2022. Baba alikuwa amepata lori tena, la mtu binafsi, mshahara wa kubabaisha. Alikuja Ziwa siku ya Jumapili na kaka yake mkubwa na wazee wawili, wakaketi chini ya mti wa parachichi, wakanywa mursik, wakaongea kila kitu isipokuwa kilichowaleta. Mtamba mmoja, wakakubaliana ni wa 45,000. Salio la 21,000 litumwe kwa simu, elfu tatu tatu, pamoja na zile tano za kawaida. Mama alisema ni sawa, ila yaandikwe, na yapelekwe Eldoret yatiwe mhuri. Mmoja wa wazee alishangaa. Akasema mambo ya ng'ombe hayahitaji mhuri.

"Hilo la kwanza pia tulisema halihitaji," mama alimjibu, "mpaka likahitaji."

Kwa hiyo yako kwenye faili, karatasi ya mwisho kabisa, imechapwa na karani ambaye lazima alicheka kidogo: ng'ombe mmoja, jike, rangi nyeusi na nyeupe. Mdogo wangu alifikisha 18 mwaka 2025 na tarehe tano zikaisha. Yule mtamba ameshazaa mara mbili. Wa pili ni dume, mama anataka kumuuza Desemba, na amekuwa akiniuliza, kama mtu anayeuliza habari ya hewa, chuo wanafungua mwezi gani.